Afisa wa Utalii Aliyelaza Watu Bure

Sina ugomvi na Phyllis Chepkorir. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikimtaja, sauti yangu hupanda yenyewe, na watu hudhani namtukana. Ni rafiki yangu. Ni mtu wa kanisa, mkweli, mpole, ukimkanyaga mguu yeye ndiye atakayekuomba msamaha. Lakini kama kuna binadamu mmoja aliyenitia hasara katika mji wa Kericho ni huyo huyo, na alikuwa akilipwa mshahara ili afanye kinyume.

Mimi ni Adoyo, Mama Clifford kwa wanaonijua, Mjaluo mwenye Nam Lodging, pale chini ya steji ya magari. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Alipofariki nilichukua kidogo alichoniachia, nikakodi nyumba, nikanunua vitanda. Vitanda vya chuma, sio vile vya mbao vinavyolia mtu akigeuka. Nikaweka na blanketi nzito, maana baridi ya Kericho haina adabu. Kwa hivyo mwaka wa 1993, niliposikia shirika la taifa la utalii linafungua ofisi ng'ambo ya barabara, juu ya duka la dawa za mifugo, nilikwenda siku hiyo hiyo kununua mashuka mapya. Nilijiambia, Adoyo, Mungu amekukumbuka.

Ni lazima nieleze jinsi Shirika lilivyokuwa linakula na kulisha, kwa sababu shida yote ilitoka hapo. Mtalii akilipa kitanda hotelini, sehemu kidogo ya pesa hiyo ilikwenda Nairobi. Nairobi ilikusanya, ikala yake, halafu ikagawia mikoa kulingana na vitanda vilivyolipiwa kila upande. Pwani walikuwa na vitanda vingi, kwa hivyo walipata afisa, naibu wa afisa, wasaidizi wa naibu, madereva wa kuwabeba wote, na hata bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kasa. Kasa, yule kobe wa baharini. Ana afisa wake. Sisi huku kwenye majani chai hatukuwa hata na mtu wa kutufungulia mlango.

Wakubwa wa huku walilalamika, na ili kusiwe na maneno, Nairobi ikakubali Kericho ipewe afisa mmoja, meza moja na picha moja ya ukutani. Kiti tulichangiwa na duka la dawa za mifugo. Ile picha ilikuwa ya msichana amelala mchangani kando ya bahari, amevaa kitu kidogo sana, na juu yake maneno makubwa: KARIBU KWENYE JUA. Hapa kwetu mvua hunyesha kila mchana kama imeandikwa kazi. Akina mama wa kanisa walipopanda kutazama ofisi mpya walitoka wamefunika macho, na Phyllis baadaye akamfunga yule msichana leso kuanzia kifuani hadi magotini.

Hiyo kazi haikuwa ya Phyllis tangu mwanzo. Kwanza alipewa kijana mmoja anayeitwa Weldon, mpwa wa mkubwa fulani. Weldon aliposikia neno utalii alifikiri bahari. Alishuka Kericho na miwani ya jua na kaptura, akasimama chini ya mvua akiitazama ngazi ya duka la dawa za ng'ombe, akaniuliza mimi, "Mathe, hii ndio ofisi ama ni stoo?" Nikamwambia ndio ofisi. Alikunywa chai kwangu, akaniachia nusu kikombe, na hatujamwona tena. Wengine wote waliokuwa wameomba walitaka Mombasa. Phyllis peke yake, binti wa mkulima wa Kabianga, aliyekuwa na cheti cha mambo ya hoteli na akifanya kazi ya kupiga chapa katika chama cha maziwa, ndiye aliyeandika kwamba anaitaka Kericho. Wakampa, nadhani kwa mshangao.

Nilimkaribisha vizuri. Nilimpelekea chapati. Nikamwonyesha vyumba vyangu, mashuka, beseni, taa. Akasema, "Mama Clifford, kwako ni kusafi sana." Nikarudi kaunta nikingoja watalii kama mtu anayengoja mahari.

Wakaja. Hilo sitakataa, mwanamke huyo alikuwa na mkono wa kuvuta watu. Wazungu waliokuwa wakipita kwenda Kisumu au wakitoka Mara walisimama kidogo kupiga picha zile chai, wanaona kibao cha Shirika, wanapanda ngazi. Niliwaona kutoka dirishani kwangu wakipanda na mizigo mgongoni. Ningetandika kitanda. Halafu ningewaona wakishuka na Phyllis, wanavuka barabara, wanapita mlango wangu, wanapotea upande wa magari ya Kabianga.

Mara ya kwanza nilidhani anawapeleka kuangalia maporomoko ya maji. Mara ya pili nikamshika mkono.

"Phyllis, hawa watu wanalala wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Wengine wako kwa shangazi. Kwa mama kumejaa."

"Na wanalipa pesa ngapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza nguo yake ya ndani ni ya rangi gani. "Mama Clifford," akasema polepole, "mtu ametoka kwao mbali hivyo, amefika jioni, hana ndugu hapa. Unamwambia alipe?"

"Si ndio kazi yako! Si ulisomea hoteli?"

"Nilisoma," akasema, "na nikapita. Lakini sikukubali."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Nyumbani kwao Kabianga alikaa mama yake, mzee ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo hakujua utalii ni kitu gani. Alijua mgeni. Mgeni akifika alipewa kiti, akapewa mursik, yale maziwa ya kibuyuni yenye masizi, akakatiwa ugali wa wimbi, na ilikuwa aibu kubwa kumuuliza anaondoka lini. Wazungu wengi walikuja kwa usiku mmoja. Kwa kuwa hakuna aliyewauliza, walikaa. Wakikaa siku mbili tatu wanaona haya kukaa bure, wanaomba kazi. Kwa hivyo ukipita Kabianga miaka ile ungewaona shambani wamefunga vikapu mgongoni, wanachuma majani mawili na chipukizi, pua zimeiva kama nyanya. Kulikuwa na Mholanzi mmoja mrefu aliyechuma vizuri hata karani wa kituo cha kununulia chai akawa anamwekea nafasi kwenye foleni.

Na Kogo aliwapa majina. Majina yao ya kwao yalimuumiza taya, kwa hivyo aliwaita kwa saa waliyofika langoni, vile watoto wa Kipsigis wanavyoitwa kwa saa waliyozaliwa. Mholanzi alifika giza limeingia, akawa Kipkemoi. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Uingereza alifika ng'ombe wakirudi zizini, akawa Cherotich. Baada ya wiki moja hata Phyllis alikuwa amesahau majina yao ya pasipoti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kila mwisho wa mwezi Phyllis alikuja kupiga simu Nairobi kutoka kwangu, maana ofisi yake haikuwa na simu. Mimi nilikaa pale kaunta nikisikiliza, ni simu yangu.

"Ndio bwana. Mwezi huu tumepata Kipkemoi, tumepata Cherotich, tumepata Chepkoech na bwana yake Kipkoech."

Halafu sauti ya Nairobi, ambayo hata mimi niliisikia: "Phyllis, nimekuuliza watalii. Sijakuuliza jamaa zako."

"Ni watalii, bwana."

"Kipkemoi ni mtalii?"

"Ni Mholanzi."

"Na amelala hoteli gani?"

"Kwa mama."

Mwezi uliofuata ikawa hivyo, na mwingine tena. Nairobi ikaamini kwamba afisa wao wa Kericho anakaa ofisini akihesabu ukoo wake. Na hata kama hakuwa anadanganya, vitanda vilivyolipiwa Kericho kupitia ofisi yake havikuwepo, hata kimoja. Siku moja ile sauti ikasema bila kuzunguka: Bwana Gekara wa makao makuu anakuja kukagua. Asipoona mtalii wa kweli amelala kwenye kitanda cha kulipa, ofisi inafungwa, na meza inapelekwa Pwani, ambako msaidizi wa afisa wa kasa hana mahali pa kuandikia.

Phyllis aliweka simu chini akakaa kwenye benchi langu. Hakulia. Alikunja gauni lake mapajani, akalikunjua, akalikunja tena. "Wataichukua, Mama Clifford," akasema. "Wakishaichukua hawarudishi."

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia, maana pamoja na hasara yote, bado nilikuwa na tumaini la siku atakayozinduka. Nikamwambia: leta wawili tu. Huyo Kipkemoi na Cherotich. Walale kwangu usiku mmoja, walipe mbele ya Gekara, basi. Kesho yake uwarudishe kwa mama yako wakanywe masizi mpaka washibe.

Mwishowe akasema, "Itabidi nimwambie mama." Ningemkataza hapo hapo, lakini sikujua.

Gekara alifika Alhamisi, mvua ikiwa katikati ya kazi yake. Alikuwa mtu wa Kisii, mnene wa kiasi, amevaa suti ya kijivu na viatu alivyokuwa akivihurumia kwa kila hatua. Alikodi chumba kwangu, akalipa, akaomba risiti, nikampenda mara moja. Akakaa kwenye benchi la kaunta na sahani ya matumbo, akingoja kuonyeshwa mtalii.

Jioni tukasikia trekta. Ilikuwa ile inayobeba majani chai, na nyuma kwenye trela alikaa Kipkemoi Mholanzi, miguu ikining'inia, na Cherotich amefunikwa gunia. Nilishangilia moyoni. Halafu nikaona nyuma yao. Kogo mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya trela, amenyooka, kibuyu mapajani. Kushoto kwake dada yake, kulia dada yake mwingine, halafu shemeji, halafu Kipyegon wa jirani na mkewe, na kuku mmoja amefungwa miguu.

Phyllis akaruka chini wa kwanza, uso umemshuka. "Amekataa waje peke yao," akaninong'oneza.

Kogo aliingia akanishika mkono. Tulijuana, alikuwa amenipikia mara nyingi nilipomtembelea mchana. "Chamgei," akasema.

"Chamgei, Kogo."

"Nani amekosea huyu mtoto wangu," akauliza, akimwonyesha yule Mholanzi mwenye urefu wa mlango, "mpaka anatolewa nyumbani analala hoteli?"

"Hakuna aliyemkosea, Kogo. Ni usiku mmoja tu. Ni mambo ya serikali."

"Basi sisi pia tutalala. Hawezi kulala mahali hatujui, peke yake kama mtu hana watu."

Moyo wangu ulipiga hesabu haraka. Vyumba vyote vitajaa! Tangu nifungue Nam Lodging sikuwahi kujaza vyumba vyote. Nikachukua funguo, nikapandisha sauti makusudi ili Gekara asikie, "Bwana Mtalii! Karibu! Utalipa sasa ama kesho?"

Kipkemoi, kama tulivyomfundisha, akatoa pochi. Kogo akaweka mkono wake juu ya pochi.

"Unafanya nini?"

"Nalipa kitanda, Kogo," akasema yule Mholanzi kwa Kipsigis, na kizuri kuliko changu mimi niliyekaa huku miaka na miaka.

Kogo hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoumiza. Akamgeukia binti yake. "Phyllis, mimi nilimpa chakula kibaya?"

"Hapana, mama."

"Nilimwambia aondoke?"

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini analipa?"

Phyllis akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na cheti cha mambo ya hoteli na hakuwa na jibu. Yule Mholanzi akarudisha pochi mfukoni taratibu, masikio mekundu. Nami nikaona kitanda changu kikiyeyuka mbele ya macho, nikasema kwa hasira, "Kogo, hii ni biashara! Hapa mtu halali bure!"

"Kumbe ni hivyo tu," Kogo akasema, uso ukamtulia. Akamchukua yule kuku akamweka juu ya kaunta yangu. "Hii ni ya kitanda. Yao yote na yetu."

Tukanyamaza, isipokuwa kuku. Kisha mimi na Phyllis tukamgeukia Gekara. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Bwana Gekara," Phyllis akasema kwa sauti ndogo, "amelipiwa."

Gekara akamtazama kuku. Akanitazama mimi. "Madam," akasema, "ile sehemu yetu ya Shirika, ya kuku, itafika Nairobi namna gani?"

"Nikukatie paja?"

Nilisema kwa uchungu lakini jamaa alicheka mpaka akaweka sahani chini. Halafu akajikumbuka, akafuta macho, akanyoosha tai. "Hapana," akasema. "Hakuna mahali pa kuandika kuku."

Asubuhi nilipita vyumba vyao kuchukua beseni. Chumba cha kwanza, kitanda hakijaguswa. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, shuka langu jipya limenyooka vile nilivyolitandika. Niliwakuta wote katika chumba cha mwisho, magodoro yamevutwa chini, wamelala kwa mstari, Kogo mwanzoni na Mholanzi mwishoni, miguu yake imetoka hadi koridoni. Walikuwa wamepiga hadithi, mgeni asiachwe kwenye chumba chake akisikia upweke. Nyumba yangu ilijaa kwa mara ya kwanza na vitanda vyangu, isipokuwa cha Gekara, vikabaki vitupu. Gekara alikuwa amesimama nyuma yangu na mswaki mdomoni, ameona yote.

Uamuzi wake aliutoa ofisini, chini ya yule msichana wa leso. Mimi nilikwenda pia, hakuna aliyenialika.

"Bi. Phyllis, nilikuja hapa nikijua wewe ni mwongo," akasema. "Wewe si mwongo. Una watalii, tena wa kutosha. Shida ni kwamba ukimshika mtalii, pesa yake haionekani tena. Sasa mimi nitasema nini? Nikisema Kericho haina watalii, nitakuwa nimedanganya. Nikisema iko nao, wataniuliza pesa iko wapi."

"Usiichukue meza, bwana," Phyllis akasema.

"Meza itabaki. Wewe ndiye utaenda. Pwani. Huko hoteli ziko na nguvu, wameweka ukuta na walinzi. Huwezi kuwaharibia. Huku tutatuma mtu mwingine."

Phyllis alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Wengine mjini walimpongeza: Pwani! Mahali kila mtu anapapigania! Yeye alikunja nguo zake tu. Siku ya kuondoka nilimpelekea chapati za njiani, na nilipomkumbatia nililia vibaya, kamasi na yote. Nilikuwa nimejitayarisha kusema nitapumzika sasa. Badala yake nikamwambia aniandikie.

Huyo mtu mwingine hakutumwa. Nairobi waliuliza nani anaitaka Kericho, na safari hii hakuandika hata mmoja. Ofisi ikafungwa kufuli, kuku wa mwenye duka wakataga kwenye ngazi. Na mimi, niliyedhani sasa watalii watavuka barabara waje kwangu, nikajifunza jambo. Wale waliokuja walikuwa wametumwa na waliotangulia, na walikuwa wameambiwa wamuulizie Kogo. Walisimama mlangoni kwangu na mizigo yao, wakauliza njia ya Kabianga.

Kogo alikuja mjini siku za soko, akaingia kwangu, akauliza swali lile lile. "Huko Mombasa, nani amempokea?"

"Ana chumba cha kazi, Kogo. Anakatwa kwenye mshahara."

"Ndio. Lakini nani amempokea?"

Nilimwekea chai na sukari nyingi.

Mwaka ulipokwisha, Gekara alinipigia simu. Nilimtambua kwa pumzi. "Madam," akasema, "rafiki yako ametumaliza."

Mambo yalikuwa hivi. Phyllis alipofika Pwani alipewa kiti nyuma ya kaunta ya hoteli kubwa, awajulishe wageni habari za hoteli nyingine kubwa. Alikaa wiki chache akiwa mpweke kabisa. Mama mmoja wa Likoni, muuza viazi vya karai, akamwona jioni anakula amesimama peke yake, akamwambia aje nyumbani. Phyllis akaenda, na hakurudi kwenye kile chumba cha kukatwa mshahara. Halafu akaanza kuwahurumia watalii. Wako na ukuta, akasema, wako na walinzi, hakuna mtu anawaongelesha. Akampeleka mmoja kwa yule mama. Akampeleka mwingine kwa jirani. Watu waliolipia hoteli wiki mbili walilala siku ya kwanza wakapotea, baadaye wanakutwa Likoni wamekaa kwenye mkeka wanamenya viazi, na wakirudi hotelini ni kudai warudishiwe pesa. Hata yule bwana wa kasa alikuwa amehamia huko.

Wenye hoteli walipanda hadi Nairobi. Walipiga meza. Wakasema huyu mwanamke arudishwe alikotoka, mahali hakuna hoteli za kuharibu. Nairobi ikajibu kwamba Kericho haina fungu lake, vitanda vyake havilipiwi. Basi wenye hoteli wakasema wao wenyewe watalipa. Mshahara wake, kodi ya ofisi, hata simu. Wakatwe wao, mradi akae huko huko milimani asishuke.

Hivyo ndivyo Kericho ilivyopata fungu kutoka Pwani kila mwezi, jambo ambalo wakubwa wetu walikuwa wamelililia miaka yote bila kulipata. Na kwa kuwa ni Gekara aliyempeleka Pwani, Nairobi wakamtuma yeye pia Kericho kama adhabu, awe msaidizi wa Phyllis. Waliwasili pamoja mvua ikinyesha. Phyllis alikuwa amekonda kidogo na weusi wa jua umemshika vizuri. Nilimtukana kwa kutoniandikia, nikamtukana kwa kukonda, halafu nikamshika nikakataa kumwachilia.

"Safari hii," nikamwambia, "utanipa mmoja. Mmoja tu, Phyllis, wa kulala na kulipa."

"Chukua Gekara," akasema.

Nikamchukua. Gekara alilipa kila wiki, alilalia kitanda changu cha chuma, aliomba risiti. Nilimpa chumba cha dirisha. Nilianza kufikiria kununua mapazia.

Jumapili moja jioni, Kogo akaja na punda. Alisimama mlangoni, akamsalimu kila mtu, akasema amesikia yule mtu wa Nairobi bado yuko hoteli, na yeye alikuwa mgonjwa wa mguu ndio maana amechelewa kuja kumchukua, asamehewe. Gekara akaanza kueleza juu ya marupurupu yake ya nyumba. Kogo akamsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza, kisha akaingia chumbani akatoka na sanduku lake. Gekara akafuata sanduku. Alikuwa mtu mzima wa makao makuu na alifuata kama ndama.

Mimi nilibaki kaunta. Nilikuwa nimekasirika. Nikakunja lile shuka la chumba cha dirisha, nikalirusha kwenye kabati, nikageuka, na Kogo alikuwa bado pale, ameegemea mlango kwa sababu ya mguu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma ya kaunta, pale pazia lilipokuwa limesogea, kitanda changu kidogo kikionekana, na jiko la mafuta ya taa, na nguo zangu kwenye msumari.

"Mama Clifford," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwangu, Kogo."

"Unalala hapa? Hotelini?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mzee afariki."

Alishika shavu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula kwake mchana na kukimbilia mjini kabla ya jioni, na yeye alifikiri nina nyumba mahali, nina watu wananingoja. Nilitaka kumwambia kuhusu biashara, kwamba lodging haiachwi peke yake, kwamba mteja anaweza kufika. Nilifungua mdomo kama vile Phyllis alivyoufungua siku ile ya pochi.

Kogo alifungua lango la kaunta mwenyewe, akachukua blanketi langu kitandani, akalikunja, akalitoa nje akaliweka juu ya punda, pamoja na sanduku la Gekara.

"Funga mlango," akasema. "Giza linaingia."

Nikatafuta funguo. Ilinichukua muda kuziona, macho yalikuwa yamejaa machozi.